Mwaitu Yuko Golini

Migwani, Kitui
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa Shangazi Nzisa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Haya ninayokuandikia yasitoke kinywani mwako hata nusu neno, hata kwa utani, hata kwa akina mama wa ushirika. Nimetumia karatasi kwa sababu simu yako huazimwa na boma zima, na anayeiazima zaidi ni Baba. Mbuvi wa lori la ndengu atakukabidhi barua hii mkononi.

Hujambo lakini? Goti limepoa? Mbaazi zimeshika? Sisi huku tu wazima. Kazi ya ofisi ya shule ni ileile: napiga chapa, napokea simu, na mwalimu mkuu akiniita jina moyo unaruka kabla sijajua kosa langu.

Shangazi, ni habari ya Mbithe. Nilimwahidi Baba kwamba akisoma hapa nilipo nitamwangalia. Sasa huyo dada yangu, ambaye wewe na Baba mnamwita Mwaitu, yaani mama, kwa kuwa alipewa jina la mama yenu, ndiye kipa wa timu ya shule. Ya wavulana. Ya wasichana hatuna. Wanaotaka kucheza ni watano tu.

Kipa wetu alihamia shule ya bweni. Mbithe alikuwa akisimama nyuma ya goli kuwarudishia wavulana mipira, na Mwalimu Wahome, kocha wetu, akaona hakuna mpira unaompita. Akamwambia aingie ndani. Siku ya kwanza wavulana walicheka. Siku ya pili walikuwa bado hawajamfunga, na kicheko kikaisha chenyewe. Mashindano ya wadi yanataka wanafunzi kumi na mmoja. Hakuna aliyeandika kwamba wawe wavulana.

Naogopa. Mwalimu mkuu ameniambia, "Karani, huyo ni wenu. Kukizuka maneno, yatakuwa yako." Na Baba, mzee wa kanisa, akisikia binti yake anagongana na wavulana mbele ya watu, atamrudisha Kalamba siku hiyohiyo. Nilijaribu kumkataza. Akaniambia, "Kaka, wewe unaogopa hata kengele."

Nifanye nini?

Mtoto wako,
Mutie

*

Kalamba, Makueni
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mutie mwanangu,

Mlango nimefunga, kuku nimewafukuza, miwani nimevaa. Goti linaniuma nikienda shambani, nikienda harusini haliumi. Mbaazi ni nzuri. Baba yako hajambo, anakohoa kidogo ili watu wajue amefika.

Umejaza kurasa, lakini jambo ninalotaka kujua hukulisema. Anadaka kweli, au anajaza nafasi tu?

Nauliza kwa sababu mikono hiyo naijua ilikotoka. Wewe ulikuwa ndani na vitabu vyako, pengine hukuona. Kila msimu wa maembe baba yako hupanda juu, naye Mwaitu husimama chini na gunia begani. Mnunuzi hataki embe lililogonga ardhi. Basi baba yako huita, "Mwaitu, kwata!", halafu anaachilia, na mtoto anashika. Kushoto, kulia, nyuma ya tawi. Sijaona embe likigusa udongo. Kwa hiyo kocha wa kwanza ni baba yako, ingawa ukimwambia hivyo atakuombea.

Lakini nisikudanganye kwamba sina wasiwasi. Wavulana wa siku hizi wana magoti kama majembe. Akivunjwa nitakushika wewe, si huyo Wahome wako. Na mbona wasichana wasipewe timu yao? Waulize wakubwa wako, wewe ndiye uliye karibu na masikio yao. Ila kama timu hiyo haipo, sioni kwa nini Mwaitu asimame nje akiokota mipira ya watu anaowashinda.

Usimkataze. Siri yako nimeimeza.

Shangazi yako,
Nzisa

*

Migwani
Jumatatu, 23 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Natumaini kikohozi cha Baba kimetulia na goti lako limeelewana na shamba. Mimi nina afya, ila usingizi umenipungukia.

Anadaka, Shangazi. Anadaka kweli.

Jumamosi tulikwenda Kabati kucheza nusu fainali na wenyeji. Nilikaa nyuma kabisa ya mashabiki, nimeshusha kofia. Walipomwona golini walianza: "Kipa, ugali unaungua!" "Msimpige kwa nguvu, atalia!" Mshambuliaji wao, Kisilu, kijana mrefu mwenye mbwembwe, alipita karibu naye akasema, "Dada, nikufunge polepole?"

"Funga kwanza," Mbithe akamjibu, "upole tutauzungumza baadaye."

Alipiga mara nyingi, Kisilu. Mpira wa mwisho ulikuwa unaingia pembeni, chini, na nikafumba macho. Nilipofumbua, Mbithe alikuwa amelala juu yake kama mtu anayekumbatia mtoto. Akainuka, akamwambia, "Pole, kaka." Tulishinda bao moja. Shangazi, nilivua kofia na kupiga kelele mpaka mama mmoja aliyeuza ndizi akaniuliza kama mimi ni mzima.

Lakini kocha wa Kabati amelalamika. Alisimama palepale uwanjani akasema, "Tukimfunga, mtasema tumemwonea msichana. Akitudaka, tutachekwa mpaka Krismasi. Mimi na vijana wangu tushike lipi?" Wengine walicheka, lakini mwenyekiti wa mashindano hakucheka. Amesema Mbithe hatacheza fainali mpaka mtu wa kwao asimame mbele ya watu aseme kama anamkubalia. Asiposimama mtu, anatolewa.

Fainali ni hapa Migwani, Jumamosi ya tarehe tano Julai. Nakuomba uje wewe useme. Wewe hujawahi kumwogopa mtu. Mimi nikisimama mbele ya umati sauti hukauka, na nikisema bila Baba kujua nitakuwa nimemwibia neno lake. Njoo, tafadhali.

Mtoto wako,
Mutie

*

Kalamba
Jumatatu, 30 Juni 2025

Mutie,

Salamu ni fupi leo. Keti kwanza.

Sikumwambia mtu yeyote. Nilimwambia Mungu. Kila asubuhi nilimwombea Mwaitu apewe mikono, kimoyomoyo, kama ulivyotaka. Jana kanisani mchungaji akasema, "Mama Nzisa atatuombea watoto wetu walio shuleni," akanipa maikrofoni. Nilianza vizuri, na masomo, na walimu. Kisha nikafumba macho, na unajua nikifumba macho nasahau niko wapi. Nikasikia sauti yangu mwenyewe kwenye spika: "Na Mwaitu wetu, Bwana, anapodaka mipira ya wale wavulana, usimwache Jumamosi kwenye fainali!"

Waumini wakasema amina. Baba yako hakusema.

Alikuja kwangu jioni. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Aliuliza, "Timu ya nani?" Nikamwambia. Aliuliza, "Mutie anajua?" Nikanyamaza, na akajua. Akasema, "Nitakwenda kumchukua." Leo amepiga pasi shati la Pasaka.

Nisamehe. Mimi siwezi kuja, na safari hii goti si kisingizio, limevimba. Kwa hiyo mtu wa kusimama ni wewe. Usiseme kwa niaba ya baba yako, hapo una haki. Sema lako tu. Sauti ikikauka, sema ikiwa imekauka.

Shangazi yako asiyejua kunong'ona,
Nzisa

*

Migwani
Jumatatu, 7 Julai 2025

Shangazi Nzisa,

Hujambo? Goti limepungua? Najua Baba alirudi jana na kwamba hajakwambia kitu, kwa sababu aliniagiza nikuandikie mimi. Alisema, "Eleza vizuri, wewe ndiye uliyesomea."

Basi sikiliza. Mwenyekiti alichukua kipaza sauti akauliza, "Nani wa kwao huyu msichana?" Mbithe alikuwa golini tayari, na glavu za Mwalimu Wahome mikononi, kubwa kupita kiasi. Akanitazama. Na wakati uleule nikamwona Baba akiingia getini, koti la kanisa, kofia mkononi.

Miguu ilitaka kukimbia, Shangazi. Nikaenda mbele. Nikasema, "Mimi ni Mutie, karani wa shule, kaka yake. Baba yetu ndiye huyo anaingia, atasema lake. Langu ni hili: timu ya wasichana hatujawapa, na yeye anadaka kuliko kipa yeyote mliyemleta hapa. Mimi nakubali acheze." Ilikauka sauti, ndiyo. Ilitoka kama ya jogoo mchanga. Lakini uwanja mzima uliisikia.

Mwenyekiti akamgeukia Baba. Baba akampita. Alitembea taratibu kando ya mstari mpaka nyuma ya goli. Refa akachoka kungoja, akapuliza filimbi.

Nilimfuata. Nilimsikia akiita, "Mwaitu, toka hapo twende nyumbani." Mbithe hakugeuka, ila mabega yalishuka. Karibu nasi walikaa vijana mashabiki wa wapinzani wetu, na mmoja akadakia, "Sikia mzee wako, kipa! Jikoni kumepoa!"

Baba alimgeukia polepole. "Huyo unayemtuma jikoni," akasema, "ana jina la mama yangu mzazi. Rudia, nikusikie vizuri."

Hakurudia. Wote walikuwa Wakamba, walielewa kwamba wamemtuma jikoni mama wa mzee. Mmoja akavua kofia.

Na wakati Baba bado amewakazia macho, mpira ukapigwa kutoka mbali, juu, wenye kupinda. Baba aliuona kabla yangu. Sijui aliwaza nini, nadhani hakuwaza. Alipaza sauti ile ya juu ya mwembe: "Mwaitu, kwata!"

Na Mwaitu akashika.

Tangu hapo hakuondoka nyuma ya goli. "Kwata!" kushoto, "Kwata!" kulia, na baadaye upande wetu wote wa uwanja ukawa unaita pamoja naye, hata Mwalimu Wahome, ambaye Kikamba chake ni hicho tu.

Tulifungwa bao moja, dakika za mwisho. Mabeki wetu wawili waligongana wakaanguka, na mshambuliaji akabaki peke yake na Mbithe. Mbithe alilia kidogo. Baba alimpa kitambaa chake, kisha akawaendea wavulana wetu. Nilidhani atawaonya wasimguse binti yake. Akawaambia, "Nyinyi mmelala! Mtoto anafanya kazi ya watu wanne, nanyi mnaangukiana kama magunia. Mnastahili kweli kucheza na Mwaitu?" Wakajibu, "Samahani, Mzee." Akamwambia mwalimu mkuu kwamba Mbithe anabaki hapahapa Migwani, golini, na kwamba mwakani atakuja kukagua mabeki. Akauliza pia wale wasichana watano wananyimwa nini. Leo asubuhi mwalimu mkuu aliniita. Moyo uliruka kama kawaida. Alitaka niwatafutie mpira.

Barua hii huna haja ya kuificha. Msomee yeyote, hata kwenye spika. Nawe ukipona uje. Panda gari la kuja Migwani, ushuke sokoni. Simu yangu ikikataa, usiulize ofisi ya karani, watakupeleka kwa chifu. Uliza nyumbani kwa kaka wa kipa. Mtoto yeyote atakuleta.

Mtoto wako,
Mutie, kaka wa kipa