Upepo Nilioujaza Mwenyewe

Jumapili, 23 Novemba 1997

Jethro ameanguka. Yu hai. Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti.

Alikuwa amepakia magunia matatu ya majani chai kwenye ile pikipiki yake ya magurudumu manne. Wiki mbili sasa lori la chai halipandi huku Nyacheki, mlima umeporomoka juu ya barabara, na hakuna gari la aina yoyote linalopita. Ni yeye tu aliyekuwa akivusha majani ya watu mpaka ng'ambo ya mto. Leo kwenye kona ya kwanza mashine iligonga jiwe ikaruka, ikamwangukia.

Mganga wa mifupa alikuja saa sita. Ameunyoosha, ameufunga kwa vibanzi vya miti na vitambaa kuanzia goti mpaka vidole. Usifunguliwe mpaka siku ya saba, akasema. Mama mkwe akaitikia kama vile ni amri ya mbinguni.

Jethro anajilaumu. Anasema ile keria ya nyuma aliichomelea juu mno, mzigo ukamzidi. Amesema hivyo mara nne. Mimi nikawa nampa uji.

Acha niandike hapa, maana mahali pengine siwezi kulisema. Ijumaa alikuwa amechoka, akalala mapema. Nikayaona yale magurudumu manene yamelegea, yamejaa mikunjo. Nikaazima pampu ya baiskeli kwa jirani. Nilipiga upepo kwa muda wa karibu saa mbili, mikono ikaniuma, mpaka kila tairi ukiligonga linalia. Huku kwetu nani amewahi kuona tairi laini likisifiwa? Nilitaka afurahi.

Leo, baada ya kuanguka, ndipo Ogari, mdogo wake, aliponiambia kwamba magurudumu ya mashine ile huwa laini makusudi. Upepo kidogo sana, ili yameze mawe. Alidhani najua!

Jumatatu, 24 Novemba

Wanaume wanane wamembeba kwa machela, wakitaka kumfikisha Ogembo ambako gari zinapatikana. Hawakumaliza hata mteremko wa kwanza. Matope mpaka magotini. Wawili waliteleza, machela ikapinduka. Sijawahi kumsikia Jethro akilia hivyo. Akawaambia wamrudishe, na kwamba hatabebwa tena na miguu ya mtu.

Anasema kitakachomtoa ni mashine tu. Ikiendeshwa polepole hubeba laini kuliko watu. Aiendeshe nani? Akanitazama. Ogari mkono wake ni wa jembe, akasema, huvunja kila anachokaza. "Wewe Mwalimu ukiambiwa kitu mara moja unashika."

Mashine imeletwa ikikokotwa na ng'ombe wawili. Imewekwa nyuma ya jiko. Usukani umepinda, cheni imekatika, waya ya mafuta imekatika, kabureta imejaa maji ya mtaro. Na magurudumu bado yamejaa kama ngoma. Jethro yuko kitandani, hayaoni.

Jioni nikaenda kuyatoa upepo. Ndiyo, kuficha. Nikaanza na la mbele kushoto, nikabonyeza kile kisindano cha kutolea upepo nikiogopa mlio wake, nikakiacha kikitoa tu. Ukaisha wote. Tairi likatoka kwenye rimu, likaning'inia. Nikayaacha mengine matatu yalivyo.

Mwizi hodari kweli!

Jumatano, 26 Novemba

Kazi siku mbili. Shule zimefungwa, binti yetu Kemunto amezuiliwa na mvua kwa dada yangu Nyamira, na bora iwe hivyo.

Jethro hunieleza akiwa kitandani, mimi hutoka, hufanya, hurudi na swali. Nimefungua kabureta kwenye sinia la kuchambulia mchele. Kuna kitundu kidogo cha kupitishia petroli, nimekizibua kwa unywele wa ufagio. Waya ya mafuta tumeitoa kwenye breki ya baiskeli. Usukani Ogari ameunyoosha kwa bomba la maji, na hapo mkono wake wa jembe ulifaa.

Kiungo cha cheni hakikuwepo. Ogari alitembea mpaka Ogembo, kwenye duka la vipuri la Praful, Mhindi ambaye Jethro alinunua kwake mabaki ya mashine hii. Alienda jana alfajiri, amerudi leo mchana. Praful alimpa kiungo, akamwuliza habari za mguu, halafu akamwuliza vidole vina rangi gani. Ogari hakujua. Praful akamwambia aende haraka aangalie.

Nikataka kufungua. Mama mkwe, Bonareri, akasimama mlangoni. Vibanzi havifunguliwi kabla ya siku ya saba, akasema. Jirani fulani alifungua mapema akabaki kiwete. Akaniuliza kama duka la spana limekuwa hospitali.

Nikarudi nyuma ya jiko. Sina ujasiri wa kubishana na mama wa mtu niliyemvunja.

Alhamisi, 27 Novemba

Imewaka! Saa nne asubuhi. Moshi, mlio, kuku wakatawanyika, Jethro akapiga makofi huko ndani. Nikalia nikiwa nimeshika spana.

Halafu akauliza kwa nini Ogari amemwambia tairi la mbele limetoka kwenye rimu. Kuanguka namna ile, akasema, hakuwezi kulitoa. Nikasema labda walipoikokota. Uongo umenitoka laini kuliko sala.

Akanifundisha kulirudisha: zungusha kamba katikati ya tairi, ikaze kwa kijiti mpaka kingo zitanuke, kisha piga upepo mwingi haraka. Likarudi kwa kishindo. Nikamwuliza nibakishe upepo kiasi gani. Akasema hilo ndilo kubwa, atanieleza mwisho, ngoja kichwa kitulie. Akalala. Ana joto.

Mchana nilijifunza kuiendesha uwanjani pa shule, nimevaa suruali ya Jethro chini ya sketi. Mafuta hubonyezwa kwa kidole gumba. Haikati kona kama baiskeli, lazima uegemee, uisukume kwa mwili. Nimegonga mgomba mmoja. Wanawake wawili wa kanisani walisimama kunitazama, na suruali ndiyo waliyoizungumzia.

Lakini mawe! Kila jiwe lilinirusha. Magurudumu yale hayakumeza kitu, yalidunda. Mara moja upande mzima uliinuka, nikaona ardhi ikija. Hiki ndicho alichokiona Jumapili. Nimekiona sasa kwa macho yake.

Ijumaa, 28 Novemba

Joto limezidi. Hataki kula. Kuna harufu chumbani, na kila mtu anajifanya ni matope.

Jua halijazama ameomba aitwe mzee wa kanisa, Nyamweya, kesho amletee Meza ya Bwana nyumbani. Mtu haombi hivyo ila anafikiri anaondoka. Kabla ya mkate tutatawadhana miguu. Na kabla ya kutawadhana, kama kuna neno kati yenu, mnalisema. Nimefundishwa hivyo tangu nikiwa mdogo.

Sabato, 29 Novemba

Niandike haraka.

Nyamweya alikuja na mkate na juisi ya zabibu. Akatuacha wawili na karai la maji ya uvuguvugu. Jethro alinitawadha miguu akiwa amelala, mimi nimeipandisha kitandani, kwa kiganja kimoja tu cha maji. Alitabasamu. Halafu zamu yangu.

Mguu wa kushoto nikautawadha. Wa kulia umefungwa. Nikasema siwezi kutawadha kitambaa. Nikafungua cha vidoleni.

Vidole ni vya rangi ya buluu iliyokaribia nyeusi. Baridi. Nilivigusa kimoja kimoja nikimwuliza, hakuna alichokisikia. Wiki nzima vibanzi vimeukaba mguu, nami nimekaa hapa nikisafisha kabureta.

Nikasema. Sikupanga maneno.

"Baba Kemunto, magurudumu niliyajaza mimi. Ijumaa ile. Mpaka yakalia."

Akayatazama mabati ya paa.

"Na lile lililotoka kwenye rimu?"

"Mimi pia. Nilitaka usijue."

Akauondoa mkono wake kwenye bega langu. Hakuutupa. Aliuondoa tu, akauweka kifuani pake.

Nyamweya alipoingia na mkate, Jethro akasema hayuko tayari. Mzee akadhani ni maumivu. Mimi nami sikula. Mkate umerudi kanisani mzima.

Nikamwonyesha Nyamweya vidole. Alivua koti, akatoa kisu, akakata kamba zote za vibanzi mwenyewe huku mama mkwe akipiga kelele kwamba leo ni Sabato. Akamwambia, "Mama, kama angekuwa ng'ombe wako ametumbukia shimoni leo, ungengoja jua lizame?" Bonareri akakaa chini. Ndipo akaviona vidole. Akajifunika uso kwa leso yake.

Kumkimbiza Ogembo leo hakukuwezekana, mvua imenyesha kuanzia saa saba mpaka giza. Lakini nimeshika spana siku ya Sabato, mara ya kwanza maishani. Ogari na mimi tumeikata ile keria na kuishusha, tumefunga juu yake kitanda cha kamba na godoro. Mbele tumefunga gunia la mawe, ili mzigo wa nyuma usiinue pua ya mashine. Hilo Jethro alimwelekeza Ogari. Mimi hasemi nami. Nikiingia anafumba macho.

Na upepo hakuna anayejua ubakie kiasi gani ila yeye, na hata Ogari alipomwuliza hilo alifumba macho. Ogari anajua tu "laini." Laini vipi? Nikipunguza sana, tairi litatoka njiani, pampu ya jirani imekufa kwa ile kazi ya Alhamisi, na hapo tumekwisha. Nisipopunguza, nitampindua tena.

Nimeingia mara tatu kumwuliza. Mara ya tatu nilipiga magoti. Macho yamefumbwa, machozi yanatoka, lakini neno hapana. Ana haki. Lakini mguu hauna muda wa kungoja haki yake!

Jumapili, 30 Novemba

Tumetoka saa kumi na mbili na nusu. Sasa ni kama saa tatu. Nimekaa kwenye jiwe juu ya mto, daftari gotini.

Mvua imekatika. Ogari ameteremka kuwaita vijana wa ng'ambo waje na kamba. Namwona chini kule, mdogo. Maji ni mekundu, yamepungua tangu jana, lakini sioni mawe ya kivukoni.

Nimeendesha mwendo wa kinyonga. Magurudumu yalikuwa magumu vile vile, sikuthubutu kuyagusa. Kila jiwe Jethro alipiga kelele nyuma yangu, kisha akaacha, na alipoacha ndipo niliogopa zaidi. Kwenye mteremko huu mashine ikaanza kuteleza ubavu. Magurudumu hayashiki, yanapita juu ya matope kama sabuni. Ogari aliegemea upande wa mlima kwa uzito wake wote. Tulisimama hatua mbili kutoka ukingoni.

Nikashuka. Nikasema kwa sauti, nikijua amefumba macho, kwamba nayatoa upepo sasa na sijui mwisho wake. Nikapiga magoti kwenye matope, nikabonyeza kisindano cha gurudumu la nyuma, lililo karibu na kichwa chake. Ukalia. Nikaacha. Nikabonyeza tairi. Gumu. Nikatoa tena. Nikaacha, nikiogopa.

Mkono ukatoka chini ya blanketi. Una joto kama sufuria. Ukapapasa hewani mpaka ukalifikia tairi, kidole gumba kikabonyeza.

"Toa tena."

Nikatoa.

"Tena. Kama obokima, ugali wa moto. Kidole kizame, kirudi polepole."

Nikatoa, akibonyeza. "Tosha," akasema. Tukafanya hivyo la pili. Ya mbele hayafikii, nimeyapima mwenyewe kwa kidole changu, na yeye akaniuliza kila mara kimezama vipi, nami nikamjibu kweli.

Nilidhani sasa atasema jingine. Nikangoja nikiwa bado magotini. Nikamwambia, nisamehe. Alisema tu kuhusu mto.

"Ukiingia majini usiachie mafuta. Hata nikipiga kelele, Mwalimu. Usigeuke."

Nikasema sawa.

Kisha akaniomba nimfunike mguu, anasema upepo wa mto unaupiga, ule wa kulia. Nimeangalia. Blanketi limetoka kwenye mguu wa kushoto. Wa kulia umefunikwa tangu nyumbani.

Nimeufunika wa kushoto. Nimemwambia tayari.

Ogari anapiga mluzi. Vijana wamefika, wanne, wana kamba moja tu. Ananionyesha kwa mkono niteremke. Nafunga daftari, kidole gumba kinaenda kwenye mafuta.