Darasa Walilokutoa, Kulwa

Kulwa, rafiki yangu,

Nakuandikia viatu vikiwa bado na vumbi la machimbo ya Mwakitolyo. Tangu tukuzike kule Ushetu sijapata habari iliyonifanya nikutafute hivi.

Lile wazo lako walilolizomea kwenye mkutano wa wanafunzi, chuo wamelijaribu muhula huu. Yale masomo ya lazima, tuliyokuwa tunarundikwa ukumbini kunakili huku tunasinzia, yamewekwa kando. Sasa kila mtu anachagua somo moja la mbali na fani yake. Mimi, mhasibu mtarajiwa, nimechagua miamba. Ningechagua nini kingine? Ulijipenyeza darasa lilelile, mwalimu akakutoa: "Binti, wewe ni wa uhasibu." Ukatoka unacheka, kama umeshinda kitu.

Kulwa, jamani! Mimi ni mtoto wa Katoro. Kwetu dhahabu ni gramu na bei ya asubuhi, basi. Jana mwalimu alitupeleka machimboni. Akaokota jiwe jeupe pembeni ya karasha linalosaga mawe, akanipa nishike. Akasema lilikuwepo kabla dunia haijaota hata jani moja. Kabla ya jani! Karasha linanguruma, wachimbaji wanabishana, na mimi nimesimama na kitu kile kiganjani, mwili wote unasisimka. Nililia mbele ya watu. Hakukuwa kulia kwa huzuni. Sijui kulikuwa kwa nini, wewe ungejua.

Leo wanafunzi tulipiga kura kuamua kama mpango uendelee au ufe. Mwanzoni wenzetu wengi walitaka ufe. Wanasema ni mzigo, hauleti ajira. Unanijua, mbele ya watu sauti hunikauka. Nikasimama hivyohivyo. Nikasema nimelelewa juu ya mawe haya na nilikuwa sijawahi kuyaona. Nilitaka niseme ni wazo la nani, nikakaa kabla sijakutaja.

Kura zikahesabiwa, na mpango umepita, Kulwa. Kuanzia mwaka ujao ni wa kila mwanafunzi, wa uhasibu na wa madini, atake asitake. Nilitoka nje nikageuka kukutafuta nikuambie.

Pumzika, mwenzangu. Wabeja, asante kwa kuwa king'ang'anizi. Wapya wakija watalalamika weee, watauliza ni nani aliyewaletea balaa hili. Nakuahidi, siku hiyo sitakaa mapema. Nitawatajia jina lako.

Neema