Kinyonga wa Kwenye Mpera

Mwanza, Jumatano, Machi 1936

Basi hakufa. Tangu juzi kinyonga wangu alikuwa mweupe kama majivu, ngozi inambanduka mgongoni, hata panzi hataki. Nilishaanza kumlilia kimoyomoyo.

Aliyeniudhi ni mama mkwe. "Huyo ana ukoma," alisema asubuhi, akatia tumbaku kinywani tayari kumtemea, maana watu husema ndiyo inayomuua kinyonga.

Nikamwambia, "Mama, niachie mpaka jioni." Nikamnyunyizia maji pale kwenye mpera. Vidole viliniwasha kuivuta ile ngozi, lakini nikaogopa kumchuna akiwa hai.

Jioni akaanza kujisugua kwenye tawi mwenyewe. Ngozi ikatoka vipande vipande, na chini yake kijani kibichi kabisa.

Mama akasogea, tumbaku ameshaitema chini, akamtazama sana. Tangu tumzike baba mkwe mwaka juzi hajavua kaniki yake ya msiba. Ndugu wamevuka kutoka Sengerema kumbembeleza, wapi.

"Kumbe hakuumia," akasema.

Baadaye, tukichambua mchele, akaniuliza ile kanga yake ya maua niliiweka sanduku gani.