Insha Niliyompa Kavutha

Riruta, Nairobi
18 Januari

Dada yangu Kaluki,

Pokea salamu zangu, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu. Natumai goti lako limetulia, na kwamba mvua imekuachia mbaazi za kutosha. Mimi ni mzima, ila macho yanaanza kunikataa. Nimekupigia simu mara nne hukushika, wala sikulaumu. Ndiyo maana nimerudia kalamu, kama miaka ile nilipokuwa mgeni huku.

Najua umemwambia Kavutha asikanyage kwako, kwamba hukuzaa mwizi wa mtihani. Nakuomba unisikilize.

Ulinikabidhi mwanao ili nimnoe Kiingereza, maana alitaka kusomea sheria na chuo kikuu kingetazama alama hiyo kwanza. Nilimtia katika darasa langu la Jumamosi, ukumbi wa kanisa pale Kinoo, pamoja na wenzake kumi wa shule yake. Alikuwa na ulimi. Nikimsahihisha, alikuwa akiniuliza kama kalamu yangu nyekundu imeshinda njaa.

Siku moja aliandika habari zako: ulivyokesha kwenye foleni ya maji, na zamu yako ilipofika ukampisha mama mjamzito ambaye hata hakukushukuru. Kiingereza kilichechemea, Kaluki, lakini nilikuona. Nikaikata yote. Nikamwambia wasahihishaji hawamtafuti mama yake, wanatafuta msamiati.

Badala yake nikampa insha yangu. Lifti imekwama katika jumba refu la Westlands, umeme umezimika, na mzee kipofu mwenye fimbo anawaongoza watu kushuka ngazi gizani. Niliitunga iweze kupindwa ikubali swali lolote, la ujasiri, la ajali, la methali. Walimu wa rika langu tulifanya hivyo. Mwanafunzi alimeza insha moja akaingia nayo chumba cha mtihani. Kavutha alicheka, akasema yeye lifti hajawahi hata kuipanda. Nikamwamuru aikariri, asimwonyeshe mtu.

Maneno hayo hayo niliwaambia wenzake wote kumi, kila mmoja faraghani. Kutunga insha kumi na moja kulinishinda, na nilidhani hawangechagua swali moja.

Matokeo yalipotoka, alama zao za Kiingereza zilikuwa zimefutwa. Vipofu kumi na mmoja walikuwa wametoka katika lifti kumi na moja, wote na fimbo ile ile. Shule ikaamini mtihani ulivuja.

Mwalimu mkuu, Bi. Waithera, alituita wazazi, nami nikaenda kwa niaba yako. Aliwauliza watoto insha ile ilitoka wapi. Wakanitazama. Hapa ndipo nilipokuficha jambo, dada. Nilimgeukia Kavutha mbele ya watu wote, nikamuuliza, kwa sauti yangu ya mzee wa kanisa, uchafu ule aliupata wapi. Akajibu kwamba aliusoma mahali, amesahau. Wenzake nao wakasahau.

Tulirudi nyumbani akanipikia chai. Alichosema ni kimoja tu, kwamba ile ya foleni ya maji angeiandika vizuri.

Jana nilimpelekea Bi. Waithera daftari langu, lenye insha ile kwa mwandiko wangu. Ameahidi kuwasafisha watoto majina, lakini alama hazirudi. Itawabidi wafanye mtihani upya mwaka huu. Darasa la Kinoo nimelifunga. Nilijitolea kumwandaa Kavutha tena, akakataa kwa adabu. Amefanya vyema.

Msalimie mdogo wetu Kitavi na watoto wake, na majirani walionikumbuka hata nilipoacha kuja. Barua hii anakuletea Kavutha mwenyewe. Nimeifunga kwa gundi, hajui yaliyomo. Ikiwa umeipokea mlangoni ukamwacha amesimama nje, iweke chini sasa, uende umwingize.

Ni mimi kaka yako,
Nzioka