Ng'ombe Wamekula Nyumba Yangu

Mihambo, ng'ombe wamekula nyumba yangu. Sitanii. Wameila!

Ile nyumba ya msonge niliyoezeka kama za kwetu Unyanyembe, nyasi nimezifuata mpaka Bahi kwa miguu! Leo natoka kazini relini, nakuta fito tupu. Fito, Mihambo! Fahali wa Ndahani, yule jirani yangu Mgogo, bado anatafuna.

Nikaenda kwake nawaka. "Mzee, mifugo yako imenimalizia nyumba!"

Unajua kanijibu nini? "Kiangazi chote hiki ng'ombe hawana majani, wewe umeyaweka juu ya paa. Nilikwambia jenga tembe, uezeke kwa udongo. Ukasema hukai."

Ukasema hukai! Mbele ya watu! Na kweli nilisema, wewe ulikuwepo. Reli ya Mdachi ikifika Tabora, mimi nimefika kwetu. Tembe la nini?

Basi wana wa Ndahani wakaanza kuniletea miti ya kujengea. Nani kawaomba? Nikasema sitaki. Kugeuka, namwona mke wangu Kalunde kajifunga kanga kiunoni, anakanyaga udongo na wake za Ndahani!

Nikamuuliza, "Nani kakutuma?"

Alimgeukia Ndahani akasema naye Kigogo, haraka haraka, kama kazaliwa hapa. Wote wakaangua kicheko.

Kajifunza lini, Mihambo? Tunalala nyumba moja!

Nimesimama pale, kwenye kiwanja changu mwenyewe, na mgeni ni mimi peke yangu.