Nilivyomsahihisha Baba Mkwe

Na ndiyo maana nasema, aliyedai ndoa ni mzigo hakuolewa na Hamisi. Leo Jumatatu, upepo wa Singida unavuma tangu asubuhi, vumbi limenijaa hadi kwenye kope, nami nimekaa hapa intaneti kafe naandika shajara yangu ya mtandaoni, natabasamu peke yangu kama mgonjwa.

Hii ni wiki ya saba ya ndoa. Bado nikisikia baiskeli yake inaingia uani naangusha vitu.

Lakini nikiri jambo. Wiki zote hizo baba mkwe hakuwahi kunipa neno zaidi ya "Marahaba." Najua ni desturi ya nyumba yao, mke mpya hakai sebuleni na baba wa mumewe, wala hazungumzi naye ovyo. Hamisi hunibembeleza, "Vumilia mpenzi, atakuzoea." Ila mimi nimelelewa Manyoni na baba peke yake, tukipiga soga kutwa. Kimya cha mzee huyu nilikichukulia kuwa hanitaki. Niliogopa nitazeeka kwenye nyumba ile nikiwa mgeni.

Jana saa kumi jioni, redio moja mpya ya FM ilianza kuuigiza upya ule mchezo wa zamani wa safari za angani, Wasafiri wa Nyota ya Saba. Jamani! Enzi zile redio ilikuwa moja nchi nzima, na baba alikuwa anazima jiko la mafuta ya taa ili mvumo wake usifunike sauti. Chombo kikipaa angani, mimi namng'ang'ania mkono. Waigizaji sasa ni wapya, ngurumo za chombo zinatengenezwa kwa kompyuta, lakini muziki wa mwanzo ni ule ule. Vinyweleo vilinisimama.

Redio ilikuwa sebuleni kwa baba mkwe. Mimi na mama mkwe tulikuwa jikoni, ng'ambo ya ua, tunachambua mlenda. Masikio yangu yote yalikuwa kule.

Kwenye mchezo akaingia fundi wa chombo, safari hii sauti ya msichana. Baba mkwe akafoka, "Wameharibu! Fundi alikuwa mzee wa kikohozi!"

Nami bila kufikiri nikapaza sauti, "Siyo, baba! Mwenye kikohozi alikuwa nahodha! Fundi alikuwa anapiga mluzi!"

Nimemsahihisha baba mkwe. Kwa kelele. Majirani wakisikia.

Mama mkwe aliziba mdomo kwa khanga, mabega yakimtikisika. Kutoka sebuleni likaja swali, "Mama Hamisi, nani huyo?"

"Mkweo. Na kasema kweli. Wewe umebaki na mvi tu, kumbukumbu ulizila na ugali."

Nikangoja kuitiwa wazee. Nilichosikia ni kiti kikikwaruza sakafu, kisha mkono ukaiweka redio dirishani, imegeuzwa kuelekea jikoni, sauti imepandishwa.

Machozi yalinitoka, shajara.

Tukasikiliza hivyo, yeye ndani, mimi jikoni, mama mkwe akibeba maneno katikati ya ua.

"Anauliza, kwenye ule mwezi wa barafu waliponaje?"

"Mwambie walichoma viti vya chombo wakaota moto. Nilikuwa nasikiliza na baba yangu."

"Anasema hata yeye alikuwa anakumbuka hivyo hivyo."

Muongo! Sijawahi kumpenda muongo kiasi kile.

Hamisi aliporudi alisimama katikati ya ua, baiskeli mkononi, anaangalia dirisha, ananiangalia mimi. Alivyocheka! Isingekuwa wazazi wake wapo, ningemrukia shingoni.

Leo asubuhi nilimwamkia baba mkwe nikiwa nje ya mlango, kama kawaida. Akaitika marahaba. Akakohoa kidogo, akasema, "Mwanangu, huyo baba yako naye anaukumbuka mluzi wa fundi?"

Mwanangu!

Nikamjibu anaupiga mpaka leo, akiwa anachunga mbuzi.

"Basi mpigie simu," akasema. "Mwambie kabla mwezi huu haujaisha nakuja Manyoni kumsikia. Na wewe ndiye utakayenipeleka."