Bahasha Yenye Msalaba Kwenye Kona

Mpendwa dada yangu Nduku,

Mama tumemzika Jumamosi iliyopita, kando yako, upande ule wa zizi. Watu wamekwenda zao, sufuria za kanisa zimerudishwa, na mimi nimebaki na jambo ambalo sikumwambia hata siku moja. Kwa hivyo nakuambia wewe, kwa sababu wewe ndiye mwenyewe.

Unaukumbuka ule ufunguo? Kijiji kizima tulikuwa na sanduku moja tu la posta, la kanisa, kule mjini Wote, na ufunguo nilipewa mimi. Niliuvaa shingoni kwa kamba ya katani, ukanicheka: "Musyoka, hata pasta havai hivyo." Kila Ijumaa nilikwenda Wote kuchukua barua, na Jumapili baada ya ibada nilisimama nje ya kanisa nikasoma majina. Watu walinisikiliza kuliko mhubiri. Niliipenda hiyo kazi, sitadanganya.

Wewe ulikuwa umeshakwenda Voi, kwenye shamba la katani, barua za mnyororo zilipoanza kutujia. Nakili barua hii mara ishirini na nne, zilisema, uwatumie watu ishirini na nne; ukivunja mnyororo utafiwa kabla ya siku tisa. Hazikuwa na jina la mtumaji, na bahasha nyingi zilichorwa msalaba kwenye kona. Mama, ambaye kuandika alijifunzia ngumbaru na mvi kichwani, alikaa mezani siku tatu akinakili, ncha ya ulimi nje. Mama Kalondu, jirani yetu, naye alinakili zake akawatumia majirani. Majirani gani? Wa sanduku lile lile! Akanunua stempu, barua zikalala posta, nami nikatembea mpaka Wote kuzileta kwa mtu anayeishi ng'ambo tu ya kijito chake. Mbili zilimrudia mwenyewe, akaogopa zaidi.

Wazee wa kanisa wakaniita. "Musyoka, hii sanduku imejaa takataka. Barua za maana hazina pa kuingia. Chunga."

Nikajitungia sheria yangu. Bahasha isiyo na jina nyuma, yenye mwandiko nisioujua na msalaba kwenye kona, haitoki Wote. Karibu na posta kulikuwa na hoteli ya chai, na nilizitia mekoni kwa yule mama wa chai bila kuzifungua. Akiniona tu alisema, "Haya, leta kuni zako." Tulicheka sana. Nilijiona mjanja, Nduku.

Mama hakucheka. "Hizo ni maneno nzito, usichome."

"Mwaitu, mama yangu," nikamwambia, "karatasi haiui mtu."

Ijumaa moja ikaja bahasha ya buluu yenye jina la mama. Mwandiko ulikuwa mgeni, mdogo mdogo, na nyuma hakuna jina. Kwenye kona palikuwa na msalaba wa kalamu nyekundu. Niliigeuza mara moja tu. Mwandiko wako wewe niliujua, zile herufi kubwa zinazolala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na nyuma uliandika jina lako lote mpaka la babu. Nikaitia motoni, nikanywa chai yangu.

Ulifariki Alhamisi iliyofuata. Telegramu ilipokuja, mimi na mjomba tukaja kukuchukua hospitalini Voi. Wodini, mama mmoja Mtaita aliyelala kitanda jirani na chako aliniuliza, "Wewe ndiye Musyoka wa ufunguo?" Akanieleza kwamba mkono wako wa kuandikia ulikuwa na dripu, kwa hivyo ulimtajia maneno naye akayaandika.

"Alisema utaichukua Ijumaa," akaniambia. "Alitaka mama yake aje tu, asibebe kitu. Kila saa ya kutembelewa aliangalia ule mlango."

Halafu akaongeza, kwa fahari kidogo, kwamba alichora msalaba mwekundu kwenye bahasha ili Mungu aifikishe.

Nilimwambia labda ilipotea njiani. Nikamshukuru. Kutoka kwetu mpaka Voi ni safari ya siku moja, Nduku, na mama angekaa nawe karibu wiki nzima.

Baada ya mazishi mama aliniita jikoni. "Kuna barua ya mnyororo ulichoma juzi?"

"Ndiyo."

"Yangu?"

"Yako."

Akahesabu kwa vidole. "Hata siku tisa hazikuisha," akasema. "Basi ndiyo hiyo imemchukua mtoto wangu."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na maneno mdomoni kabisa. Lakini niliona heri anilaumu kwa laana kuliko ajue kwamba ulimwita na mimi nikamzuilia. Nikainamisha kichwa. Akanishika mkono, akanisamehe palepale, na alichonisamehe hakikuwa kosa langu la kweli. Niliona aibu, na bado nikaupokea msamaha huo.

Tangu siku ile hakuvunja mnyororo tena. Kila iliyofika aliinakili mara zote ishirini na nne, na macho yalipoharibika mistari ikawa inapandana. Kila Ijumaa alinipa furushi lake, nami nililituma lote. Mimi, niliyezicheka! Aliwaambia akina mama wa kanisa kwamba binti yake alikufa kwa sababu ya mnyororo, nao wakanitazama. Niliwaacha wanitazame. Ilikuwa rahisi kuliko kusema kweli.

Ufunguo bado ninao. Siku hizi kila bahasha nampa mwenyewe mkononi, hata iwe na misalaba kumi, achome mwenyewe akitaka.

Barua hii nitaituma Jumatano kutoka Wote, jina lako juu, sanduku la kanisa. Nyuma sitaandika jina. Kwenye kona nitachora msalaba kwa kalamu nyekundu. Ijumaa nitaikuta sandukuni, nami nitaketi kwenye ngazi za posta niifungue na kuisoma mpaka mwisho.

Nisamehe, dada yangu, kama unaweza. Na kama huko mmeshaonana na mama, mfanyie kile nilichoshindwa. Mwambie ulimwita.

Kaka yako,
Musyoka